Ukuta, Kiwanja na Ukoo: Jinsi ya Kuchunguza Asili ya Nyumba Kongwe Mombasa

Katika Mji wa Kale wa Mombasa, ukiuliza nyumba fulani ilijengwa lini, jibu la haraka ni kwamba hiyo ni ya Wareno. Anayejibu hana nia ya kudanganya. Fort Jesus, ngome ya Wareno, iko hapo hapo, ilianza kujengwa 1593, na kila kilicho kikongwe karibu nayo hupewa umri wake. Lakini Wareno waling'olewa Mombasa 1698 baada ya kuzingirwa ngomeni tangu 1696, wakarudi 1728 na kutimuliwa tena mwaka uliofuata. Nyumba nyingi zinazosimama leo Ndia Kuu, Kibokoni na mitaa ya jirani, hasa zile za ghorofa zenye roshani za mbao, ni za karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20. Iko misikiti iliyozitangulia, kama Msikiti wa Mandhry ambao kwa kawaida huhesabiwa kuwa wa mwaka 1570 hivi. Nyumba za kuishi ni habari nyingine.

Nyumba ya 1890 haihitaji kuongezwa miaka ili iheshimiwe. Inahitaji kujulikana vizuri, na hapo ndipo kazi inapokuwa ngumu, kwa sababu mambo matatu huchanganywa: jengo lenyewe, ardhi iliyo chini yake, na watu walioimiliki au kuishi ndani. Kila moja lina umri wake na karatasi zake, na karatasi hizo zimewekwa mahali tofauti. Hati ya kiwanja ya 1913 haithibitishi kwamba nyumba ilijengwa 1913. Mlango wa nakshi wenye zaidi ya miaka mia unaweza kuwa umepachikwa kwenye ukuta wa juzi. Na ukoo unaweza kuishi mahali vizazi vinne bila kumiliki hata futi moja ya ardhi. Anayeyatenganisha haya mapema hupata njia. Anayeyachanganya huishia na hadithi tamu isiyoshikika.

Anza na dari

Kabla ya kwenda afisi yoyote, ingia ndani na utazame juu. Nyumba za mawe za zamani za mwambao zilijengwa kwa matumbawe na chokaa iliyochomwa tanurini, na sakafu ya juu ilibebwa na boriti za mikoko. Boriti hazina urefu wa kutosha kuvuka chumba kipana, kwa hiyo vyumba vya nyumba hizo ni vyembamba, kwa kawaida havifiki mita tatu kwa upana, hata kama ni virefu. Juu ya boriti hupangwa vipande vya mawe, kisha kifusi na chokaa vikashindiliwa mpaka vikawa sakafu. Kuta ni nene, mara nyingi nusu mita, na ndani yake kuna vidaka vya kuwekea taa, vyombo au msahafu.

Ukiona chumba kipana ghafla, na dari imebebwa na mbao zilizopasuliwa kwa msumeno au mihimili ya chuma, umefika zama nyingine, au umefika mahali palipovunjwa na kujengwa upya. Mihimili ya chuma ina faida moja kubwa: mingi ina jina la kiwanda lililochapwa ubavuni. Dorman Long wa Middlesbrough, Uingereza, walianza 1875, hivyo mhimili wenye jina lao hauwezi kuwa wa kabla ya hapo. Vigae vya paa ni vivyo hivyo. Vigae vyekundu kutoka Mangalore, India, vina jina la kiwanda upande wa chini, na kiwanda cha kwanza cha aina hiyo huko, cha wamisionari wa Basel, kilifunguliwa 1865. Saruji nayo ina umri wake: kiwanda cha Bamburi kilianza kuzalisha katikati ya miaka ya 1950. Ilikuwepo saruji ya kuagizwa kabla ya hapo, lakini ukuta wa matofali ya saruji uliozungushiwa ua wa nyuma mara nyingi ni wa kizazi cha baba zetu.

Kila kimoja cha vitu hivi kinakupa mpaka wa upande mmoja tu: sehemu hii haiwezi kuwa ya kabla ya mwaka fulani. Sehemu hiyo, si nyumba nzima. Nyumba ya Mji wa Kale iliyokaa na wenyewe ilikuwa ikiongezwa kila watoto walipooa na kila meli ilipoleta faida. Chini inaweza kuwa ya wakati wa utawala wa ukoo wa Mazrui, uliokoma 1837 Seyyid Said wa Zanzibar alipoutwaa mji. Ghorofa ya kwanza ikawa ya mjukuu. Roshani ikawa ya mfanyabiashara wa Kihindi aliyeinunua nyumba hiyo wakati reli ilipoanza. Tafuta mahali kuta mbili zinapokutana bila kushikana, dirisha lililozibwa, au ngazi inayokwea kuelekea ukuta mtupu. Hapo ndipo nyumba ilipobadilika. Nina imani zaidi na mshono wa namna hiyo kuliko maneno yaliyochongwa juu ya mlango.

Ombi moja kwa mwenye shauku: usibandue lipu ili kutafuta ukuta wa zamani. Chokaa ya kale huvuta na kutoa unyevu, na ukiijeruhi kisha ukaifunika kwa saruji, maji hubaki ndani na mawe huanza kumong'onyoka. Mji wa Kale ni eneo la hifadhi, na kuna afisi ya hifadhi chini ya Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya inayohusika na ujenzi na ukarabati humo. Ukianzia huko, huenda ukakuta nyumba yako ilishapimwa na kupigwa picha.

Mwaka ulioandikwa mlangoni

Baadhi ya nyumba zina mwaka uliochongwa juu ya mlango au kwenye ukuta wa mbele, na wengi huuchukua kama ulivyo. Mombasa imehesabu miaka kwa kalenda zaidi ya moja. Nyumba ya Mwislamu inaweza kuwa na mwaka wa Hijria. Nyumba au hekalu la Mhindi wa Gujarat linaweza kuwa na mwaka wa Vikram Samvat, ambao uko mbele ya mwaka wa Miladi kwa miaka 56 au 57. Kwa hiyo 1955 juu ya ukuta wa nyumba ya Banyani huenda ikawa 1898 au 1899. Mtu asiyejua ataiona nyumba hiyo kuwa changa kuliko uhuru wa India, kumbe ilikuwepo wakati mafundi wa reli bado wanapasua njia kuelekea ziwani.

Hijria inataka hesabu kidogo kwa sababu mwaka wake una siku 354 hivi. Zidisha mwaka wa Hijria kwa 0.97, kisha ongeza 622. Chukua 1317: ukizidisha unapata 1277 na ushee, na ukiongeza 622 unafika 1899. Ndivyo ilivyo, kwani 1317 ilianza Mei 1899 na kuishia mwisho wa Aprili 1900. Nyumba mbili zinazotazamana, moja imeandikwa 1317 na nyingine 1955, zinaweza kuwa zimekamilika mwaka mmoja. Hata hivyo mwaka wa mlangoni ni wa mlango. Milango ya nakshi ya pwani ilikuwa mali ya kuhamishwa: iliuzwa, ilirithiwa, na ilitolewa nyumba iliyoanguka ikawekwa nyumba mpya. Tazama kama fremu imekaa sawasawa na ukuta au imejaziwa pembeni kwa vipande.

Ardhi na hati zake

Sehemu hii ndiyo inayowachosha watu wengi, na ndiyo yenye utajiri kuliko zote. Mwaka 1895 Uingereza ilitangaza himaya juu ya nchi ambayo sasa ni Kenya, lakini ukanda wa pwani wa maili kumi ulibaki kwa jina la Sultani wa Zanzibar, ukiendeshwa na Waingereza kwa malipo ya kila mwaka, hadi ulipounganishwa na Kenya 1963. Ndani ya ukanda huo watu walikuwa na ardhi zao tangu enzi, kwa hati za Kiarabu zilizoandikwa na makadhi, au kwa ushahidi wa majirani tu. Serikali ilitaka kujua ipi ni ya nani na ipi haina mwenyewe, ndipo ikaja Sheria ya Hati za Ardhi ya 1908. Kila mwenye kudai ardhi alitakiwa kupeleka dai lake kwa msajili, alete hati au mashahidi, na akikubaliwa apewe cheti: cha umiliki, cha rehani, au cha haki nyingine. Ardhi isiyodaiwa ilihesabiwa kuwa ya serikali ya Mfalme wa Uingereza. Waliokosa kujua, waliokosa nauli, waliokosa mtu wa kuwaandikia, walipoteza. Malalamiko ya ardhi ya pwani yanayosikika hadi leo yana mizizi mirefu katika sheria hiyo.

Kwa mchunguzi wa nyumba, jambo la kushika ni hili: rundo la hati za Mombasa zina tarehe za baada ya 1908 kwa sababu huo ndio wakati watu walipolazimika kuandikisha. Tarehe ya cheti ni siku ambayo serikali ilikubali dai. Nyumba inaweza kuwa ilisimama miaka sitini kabla, na inaweza kuwa ilijengwa miaka ishirini baadaye. Thamani ya karatasi hizo iko katika maelezo ya dai: nani alidai, alisema aliipataje, alirithi kwa nani, alinunua kwa nani, na mipaka ilikuwa ipi.

Ili kufika huko unahitaji namba ya ploti. Kisiwani namba hizo huandikwa kwa bloki, kwa mfano Mombasa/Block na namba ya Kirumi, kisha namba ya kiwanja. Stakabadhi ya kodi ya ardhi ya kaunti huwa nayo, na ndiyo njia rahisi kuliko kuanza kwa jina la mtu. Ukiwa na namba unaweza kuomba upekuzi rasmi katika afisi ya usajili wa ardhi, kisha ufuate hati moja baada ya nyingine ukirudi nyuma. Usiruke hata moja. Ukikuta pengo la miaka arobaini, jiulize kama kulikuwa na kifo ambacho mirathi yake haikuandikishwa, maana hiyo ndiyo sababu ya kawaida.

Sasa fundo lenyewe. Mombasa ina utaratibu ambao mgeni kutoka bara hushangaa akiusikia: nyumba bila ardhi. Mtu mmoja anamiliki kiwanja, mwingine amejenga juu yake na ndiye mwenye nyumba, na mwenye nyumba hulipa kodi ya ardhi kwa mwenye kiwanja. Nyumba hiyo inauzwa, inarithiwa na kuwekwa rehani bila ardhi kuguswa. Mtaa wa Majengo na mingine nje ya Mji wa Kale ilikua kwa njia hii, kwa zile nyumba za Kiswahili zenye ukumbi katikati na vyumba pande mbili. Ukipekua hati ya ploti pekee, utapata historia safi ya mwenye ardhi, ambaye pengine hakuwahi kulala hapo hata usiku mmoja, na hutaona jina la waliojenga, waliozaa na kuzika humo. Habari zao ziko katika risiti za kodi ya ardhi, mikataba ya kuuziana nyumba, bili za maji, na kesi za mahakamani pale mwenye kiwanja alipouza na wapangaji wakaambiwa wahame. Risiti hizi huwa kwenye makopo ya biskuti na mifuko ya nailoni chini ya vitanda. Tafadhali usizitupe.

Hati za Kiarabu za kabla ya usajili zina mtindo wake wa kuonyesha mahali. Hazina vipimo vya mita wala ramani. Hutaja mipaka minne kwa majirani: upande wa kibla nyumba ya warithi wa fulani, suheli njia ya kwendea msikitini, matlai kiwanja cha bibi fulani, magharibi ukuta wa mwuzaji mwenyewe. Kibla kwa Mombasa ni kaskazini, suheli kusini, na matlai mashariki. Hati moja peke yake haikufikishi popote. Ukipata na ya jirani, na ya jirani wa jirani, vipande huanza kushikana: yule aliye mpaka wa matlai katika hati ya kwanza ndiye mwenye nyumba katika ya pili. Kwa msikiti au kisima kimoja ambacho bado kipo, mtaa mzima unaweza kuwekwa mahali pake. Mpate maalimu anayesoma maandishi ya zamani, maana mkono wa karani wa kale hautabiriki, na Kiswahili chenyewe nacho kiliandikwa kwa herufi hizo.

Watu

Majina ndiyo yanayopoteza wengi. Karani wa Kiingereza aliandika jina alivyolisikia, kwa hiyo mtu mmoja anaweza kuonekana kwa tahajia tatu katika faili moja, mara na jina la ukoo, mara bila. Andika orodha ya namna zote na utafute kila moja. Halafu watazame wanawake. Koo nyingi za Waswahili zimekuwa na desturi ya kumpa binti nyumba anapoolewa, mume akahamia kwake. Mtaani nyumba ikaitwa kwa jina la mume au mwana mashuhuri, huku hati ikisema bint, yaani binti wa fulani. Mtafiti anayefuata wanaume tu hukwama kizazi cha pili na kudhani nyumba iliuzwa.

Mahakama ya Kadhi ina habari za mirathi, ndoa na talaka za Waislamu, na mgao wa urithi mara nyingi hutaja nyumba na majina ya warithi wote hadi wajukuu. Ukiambiwa kwamba nyumba ni wakfu, yaani mali iliyofungwa isiuzwe ila manufaa yake yatumike, nenda kwa msimamizi wake na kwa afisi ya wakfu mjini. Wakfu wa msikiti au wa kheri ni tofauti na wakfu wa kizazi, ambao manufaa yake huwaendea watoto na wajukuu wa aliyeuweka. Hii inaeleza kwa nini nyumba fulani haijawahi kuuzwa, na kwa nini watu thelathini wana haki ndani yake bila hata mmoja kuweza kuikarabati peke yake.

Wazee ni hazina, ila swali la "ilijengwa lini" halizai kitu. Mwaka haukai kichwani, matukio hukaa. Muulize bibi aliyeolewa humo: Bi, ulipoingia nyumba hii, ngazi zilikuwa upande gani? Jiko lilikuwa uani au juu? Ilikuwa kabla ya vita vya Hitler au baada? Mlivuka kwenda Nyali kwa daraja lile la kuelea? Daraja hilo lilitumika tangu 1931 hadi la sasa lilipofunguliwa 1980, hivyo jibu lake tayari lina miaka. Na ukisikia "babu alijenga", uliza taratibu kama alijenga msingi, aliongeza ghorofa, au alinunua na kupaka chokaa. Zote tatu husemwa hivyo hivyo. Jitambulishe vizuri, kaa barazani, usiende na faili kwapani siku ya kwanza. Mabroka wa ardhi nao huanza kwa kuuliza nyumba ni ya nani, na familia nyingi zimeumia.

Wako pia watu ambao hakuna hati inayowataja. Utumwa ulikomeshwa kisheria katika pwani hii 1907, maana yake nyumba za mawe za karne ya 19 zilijengwa na kutunzwa kwa kiasi kikubwa na watu waliomilikiwa, waliobeba matumbawe, waliochoma chokaa, waliokata boriti mikokoni. Wengine walibaki katika vyumba vya chini baada ya uhuru wao, wakachukua jina la ukoo wa mabwana. Historia ya nyumba inayowaruka haijakamilika. Kuwauliza watu juu ya hili kunataka adabu kubwa, na wakati mwingine jibu litakuwa kimya. Andika kwamba hawakutajwa.

Nje ya Mombasa

Nyaraka nyingine zimetawanyika. Hifadhi ya Nyaraka za Taifa iko Nairobi. Nyaraka za Zanzibar zinahifadhi kumbukumbu za enzi ya masultani, na kwa miongo mingi Mombasa ilikuwa chini yao. Karatasi za William Mackinnon, aliyeongoza kampuni ya Kiingereza iliyotawala hapa kabla ya 1895, ziko chuo cha SOAS, London. Gazeti rasmi la serikali limechapishwa tangu 1899, na matangazo yake ya ardhi na mirathi yanasomeka kwenye intaneti. African Standard lilianzishwa Mombasa 1902 na A. M. Jeevanjee, na matangazo ya biashara ya miaka hiyo hutaja maduka kwa mitaa yao.

Picha ni msaada mkubwa. Mkusanyo wa Winterton katika Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, una picha zaidi ya 7,000 za Afrika Mashariki, kati ya 1860 na 1960, na unaonekana bure mtandaoni. Ukitazama picha ya mtaa, angalia paa kwanza: makuti, mabati au vigae. Angalia kama kuna reli nyembamba za toroli katikati ya njia, zile zilizosukumwa na vibarua kati ya Mji wa Kale na Kilindini. Hapo uko mwisho wa karne ya 19 au miaka ya mwanzo ya 20. Kumbuka pia majina ya barabara yalibadilika: anwani ya Salim Road leo ni Digo Road, na Kilindini Road ni Moi Avenue. Majina ya nyumba nayo yana mitego. Leven House inabeba jina la meli ya Kapteni William Owen, aliyefika 1824 na kuweka bendera ya Kiingereza kwa miaka miwili tu. Jina la namna hiyo linakuonyesha nani alipita na akakumbukwa. Aliyejenga unabaki na kazi ya kumtafuta.

Ukishakusanya, andika kila jambo pamoja na lilikotoka: hili nimeliona ukutani, hili limo katika cheti cha mwaka fulani, hili amelisema bibi wa nyumba. Zikipingana, ziache zipingane kwenye karatasi na useme ipi unaiamini na kwa nini. Piga picha hati kwa idhini ya wenyewe, warudishie siku hiyo hiyo, na nakala ya kazi yako waachie familia pamoja na maktaba ya Fort Jesus, ambako mtu wa nyumba ya jirani atakuja kutafuta mpaka wake wa matlai.